Jina Nililompa Mama

"Mama yake alikuwa anamwita nani?"

Niliulizwa swali hilo asubuhi, katika chumba cha maiti, na mwanamke wa Kikongo aliyeshika beseni la maji ya vuguvugu. Alitaka jina la utotoni la mama yangu, lile ambalo bibi alimwita kwao Kenya kabla ya ubatizo na shule. Sikulijua. Nilikuwa mwaka wa mwisho pale chuo kikuu cha Kyambogo, na nilikuwa nimemuuliza mama kila kitu isipokuwa hilo.

Siku nyingine zote beseni lile lilishikwa na mama. Kazi yake ilikuwa kuuza mapazia katika soko la Owino. Lakini mtu akifariki mtaani kwetu, chini ya kilima cha Kibuli, na hana ndugu wa kumwosha, simu ililia kwetu. Wengi walikuwa wakimbizi kutoka Kongo. Mama alifunga kibanda, akakusanya wenzake watatu, wakaenda na sabuni, kitana, mafuta na shuka jipya. Akirudi alikuta baba ameshamwekea maji ya moto uani. Baba hakuwahi kumuuliza ametoka kwa nani.

Wanawake hao walikuwa na desturi yao, sijui nani aliianzisha. Hawakumgusa marehemu kabla ya kujua jina aliloitwa na mama yake mzazi. Waliuliza majirani, walipiga simu hadi Bukavu kule Kongo, walisubiri. Wakilipata walimwita kwalo kila hatua: inua mkono, fulani, geuka kidogo, fulani, tumemaliza. Mama alisema mtu akishakufa anakuwa amechanganyikiwa, na jina hilo ndilo la kwanza alilowahi kuligeukia.

Nilimbishia. Nilimuuliza sikio la maiti linasikiaje. Alicheka, akasema ningefaa kuwa wakili.

Kisha akapata kiharusi, na siku ya pili akafariki. Bibi alishatangulia. Mjomba alikuwa kwenye basi kutoka Kenya, simu yake haipatikani. Desturi yao ilitaka, akiwapo mtu wa damu, aulizwe yeye; mume hakuhesabiwa, na wanaume walikaa nje. Baba alikuwa kwenye benchi, upande wa pili wa mlango.

"Mwana yangu, tunakungoja," akasema yule mwanamke. "Maji inapoa."

Niliwaambia wamwite vyovyote, kwani hasikii. Hakuna aliyechovya kitambaa. Walisimama tu wakinitazama, na mama amelala katikati yetu bila kuoshwa, yeye aliyewaosha wafu wote wale.

Nikataja jina. Lilikuwa la msichana niliyeishi naye hosteli, ndilo lililokuja kwanza. Ili waamini, nikaongeza kwamba bibi alimwita hivyo mpaka alipoolewa.

Wakaanza. Kiwiko kilipokataa kukunjika, mmoja akamwita kwa jina lile na kumwambia alegeze mkono, asiwe mbishi kama binti yake. Wenzake wakacheka huku wanalia. Waliliita tena na tena, kwa sauti za upole ambazo sijawahi kuzisikia mahali pengine. Mimi niliutazama uso wa mama muda wote. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Siamini kwamba wafu husikia. Hata sasa siamini. Lakini nilihama chumba kile cha hosteli wiki iliyofuata, kwa sababu kila mtu alipomwita yule msichana mlangoni, niligeuka kabla yake, nikatazama nyuma ya aliyeita kuona ni nani mwingine anayekuja. Hata Owino, mtu akiliita jina hilo kati ya vibanda, miguu yangu husimama mpaka aitwaye aitike.

Miaka mitatu baadaye, tukichambua maharage uani, nilimwambia baba ukweli. Aliacha kuchambua. Jina halisi alilijua tangu mwaka waliooana. Mama alimwambia mwenyewe. Asubuhi ile, kwenye benchi, alisikia kupitia mlango wakimwita kwa lingine, akaamini kwamba mkewe alimdanganya yeye na la kweli akaniachia mimi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili, alikuwa anakwenda kaburini na kusimama kimya, kwa sababu hakujua tena amwite nani.