Baiskeli ya Tairi Moja na Mizani ya Majani Chai

Nichekeni, lakini polepole, maana mikono bado inaniuma.

Juzi Kamau, muuza mitumba wa Silibwet, alileta baiskeli mbili za tairi moja: moja nene ya kujifunzia, nyingine nyembamba, nyekundu, inang'aa. Macho yangu yakagandia ile nyekundu.

"Mama Chebet, hiyo haibebi zaidi ya kilo themanini. Wewe uko ngapi?"

"Sabini," nikajibu bila kupepesa macho.

Nikaisukuma mpaka kituo cha majani chai ili foleni nzima ya wakulima inione. Kamau akanifuata aone maajabu. Nikapanda, nikayumba, nikatafuta pa kushika, nikadaka ndoano ya mizani inapotundikwa magunia ya majani. Baiskeli ikaenda zake. Mimi nikabaki naning'inia kama gunia.

Karani wa mizani, kwa mazoea, akasoma kwa sauti: "Kilo mia moja na mbili! Toa mbili za maji."

Kamau akashika kichwa.

Kila siku mimi ndiye hugombana na karani akikata kilo za maji yaliyolowesha majani. Siku hiyo nikapiga kelele nikiwa hukohuko juu: "Mbili ni kidogo, karani! Kata thelathini na mbili!"