Mbegu Mbili za Soila

Agripina Hiza alizaliwa Makuyuni, upande wa Korogwe, lakini miaka yake mingi ya unesi ameitumikia Kwaluguru, Handeni, katika zahanati ambayo wafugaji huifikia kwa mwendo mrefu. Ni mwanamke wa kicheko. Kizigua chake kina makosa mengi, watu wakimcheka naye hucheka nao. Jambo moja tu humkunja uso: mama kulaumiwa kwa ugonjwa wa mtoto.

Ndiyo maana Siamanta alipoingia na bintiye Soila mgongoni, viganja vya mtoto vimevimba tena, Agripina alimtazama kwanza bibi aliyefuata nyuma. Huyo alikuwa Nkoile, mama mkwe. Majibu ya hospitali yalishatoka: Soila ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao chembe zake hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Nkoile alikuwa amekata shauri mkwewe arudishwe kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nesi, kwetu ugonjwa huu haupo. Umeingia bomani na huyu."

Siamanta aliinamisha kichwa. Agripina hakubishana. Alimpa mtoto dawa ya maumivu na maji ya kutosha, kisha akaomba Lengai, baba wa Soila, aje wapimwe yeye na mkewe. Lengai alikuja kwa kujivuta. Majibu yakawa mamoja kwa wote wawili: kila mmoja amebeba mbegu moja ya selimundu, na kwa kuwa ya pili ni nzima, haumwi.

"Mimi?" Lengai alishtuka. "Mimi ninayeswaga ng'ombe kutwa nzima?"

"Wewe, baba Soila. Uliirithi kwa baba au kwa mama, na pengine naye hakuumwa hata siku moja."

Kisha akamgeukia Nkoile. "Bibi, dume jeusi na jike jeusi hawajawahi kukuzalia ndama mwekundu?"

"Wamenizalia."

"Wekundu ulitoka kwa nani?"

"Kwa wote wawili," bibi alisema taratibu. "Ulikuwa umejificha." Akamtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama na mkwewe.

Agripina akaleta vikombe viwili, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Katika kila kimoja alitia kunde moja, mbegu nzima, na harage moja, mbegu ya ugonjwa. Kila mzazi humpa mtoto moja tu, akawaambia. Akipata maharage mawili, anaumwa, na bahati hiyo ni moja kati ya nne.

Uso wa Lengai ukang'aa. "Moja kati ya nne! Soila ndiye huyo mmoja. Basi watatu wanaokuja ni wazima."

Agripina alitamani kumwachia furaha ile. "Hapana, baba. Kila mimba, mbegu zinarudi vikombeni. Fumbeni macho mvute."

Wakavuta huku wakicheka: kunde na harage. Wakarudisha, wakavuta tena: maharage mawili. Kicheko kikakatika.

"Nimeelewa," Lengai alisema.

Siamanta akainua kichwa. "Kwa hiyo si kosa langu?"

"Si kosa la mtu yeyote, mama Soila. Wala si laana."

Siamanta hakurudishwa kwao. Soila akaanza dawa za kila siku, akafunikwa vizuri nyakati za baridi, akafundishwa kunywa maji hata kama hana kiu. Maumivu hayakuisha, ila yalikuja kwa nadra, na siku nyingi alicheza na wenzake.

Baadaye Lengai na Siamanta waliamua kuzaa tena, safari hii wakijua wanachokitarajia na wanachokihofia. Alizaliwa mvulana, akapimwa. Nkoile mwenyewe ndiye aliyeleta habari zahanati, mjukuu kifuani.

"Ana mbegu moja kama baba yake," alitangaza mbele ya akina mama wote waliokuwa wakisubiri. "Haumwi. Lakini akitaka kuoa, mchumba apimwe kwanza!"

Mtoto hakuwa na jino hata moja. Agripina alicheka mpaka akakaa kwenye benchi, akanyoosha mikono apakatishwe.