Tulimzika Alois wa ngoma ndogo bila ngoma, kwa vijiti tu

Wakuu, habari zenu. Walionizidi umri, shikamooni. Nasimulia kama ilivyonitokea, chumvi sijaongeza.

Nimekulia Ifakara. Ujanani nilikuwa bendi ya parokia, upande wa ngoma ndogo, zile za kuvaa kwa mkanda begani. Tulikuwa wanne: mimi, Alois, Beno na dada mmoja, Skola. Huyo mkono wake wa kushoto ulikuwa moto.

Waliopiga wananielewa. Vijiti vya gwaride siyo kama vya drums za kwaya. Ni vinene, vizito, mwanzoni viganja vinatoka malengelenge. Vikivunjika, Alois anatuchongea vingine vya mninga, anapiga msasa mpaka vinateleza.

Sikukuu ya Kristo Mfalme tunatangulia maandamano, wenye baiskeli wanashuka, mama ntilie wanaacha masufuria. Acheni tu.

Baadaye ngozi zikachanika, bendi ikafa kimyakimya. Mimi nikaenda Kidatu kwenye miwa, Beno akawa askari kambi ya Chita, Skola akaolewa Mahenge. Alois akabaki, boda.

Kwenye simu tulikuwa tunaulizana, "Lini tutapiga tena?" Kila mtu yuko busy.

Kwaresma ya mwaka huu Alois akagongwa na fuso njia ya Mlimba. Hospitali hakufika.

Tukakutana msibani. Beno alikuwa ameazima ngoma shuleni. Katekista akatuzuia kwa upole: "Wanangu, hiki ni kipindi cha Kwaresma. Ngoma hapana."

Mama yake Alois, pale mkekani, akasikia. Akatuita. Tukamwamkia.

"Vijiti mnavyo?"

"Tunavyo, mama." Kila mtu alikuwa amekuja na vyake, vile vya mninga.

"Basi vigonganisheni vyenyewe. Mwanangu asizikwe kama mtu asiye na wenzake."

Katekista akainamisha kichwa, akatupisha.

Tukajipanga mbele ya jeneza, nafasi ya Alois tukaiacha wazi. Tukagonga kijiti kwa kijiti. Mlio mdogo, mkavu. Skola analia, mkono haukosei.

Tukifika pale Alois alipokuwa akipiga peke yake, tunanyamaza. Inasikika miguu ya watu tu kwenye tope, wote wameshaingia kwenye hatua bila kuambiwa. Halafu tunaendelea.

Kaburini mama akasema, kama anaongea mwenyewe, "Nilikuwa namgombeza akigonga meza yangu. Ningejua, ningemwacha agonge."

Beno, askari mzima, akakaa chini kwenye majani.

Wakuu, nilichojifunza: kama mna wenzenu wa zamani, kutaneni mkiwa wote. Sisi sasa hata tukikutana kesho, tuko watatu.

Mliopiga bendi za shule au parokia, karibuni. Wenzenu wako wapi?