Gemu Iliyokuwa Bubu

Picha ilikuja safi, lakini mashine ya gemu haikutoa sauti. Nikachomoa waya, nikaufuta, nikauchomeka tena. Kimya. Shemeji wa Kilindoni ndiye aliyetuuzia, na mke wangu alishaanza kumpigia simu kaka yake huyo kumlaumu.

"Ngoja, tusimsingizie. Labda mimi ndiye nisiyejua."

"Hujui kweli, baba watoto!"

Nikaweka taarifa ya habari. Nayo ilikuwa bubu. Basi kosa ni la televisheni. Hapo nikakumbuka kwamba ilipoadhiniwa alasiri tulizima sauti, kama kawaida yetu, tukaenda kuswali. Aliyezima sina hakika, huenda ni mimi.

Nikarudi kwenye gemu, nikabonyeza rimoti kurudisha sauti, ikanguruma. Simu nayo ikapokelewa.

"Shikamoo kaka," mke wangu akasema. "Nakusalimia tu."