Kaseti Mbili na Utenzi wa Mpapura

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumanne nilipigiwa simu kwamba jirani yangu, mwenye steshenari hapa Chuno, amefariki. Wasomaji wengi wa safu hii hawakumjua. Kwa kompyuta yake alichapa mikataba ya viwanja na barua za kuomba kazi, na kwa miaka mitatu aliitumia kompyuta hiyo hiyo kutafuta jambo moja: uthibitisho kwamba utenzi unaosomwa kwenye harusi za kwao Mpapura ulitungwa na marehemu mama yake.

Daftari la utenzi lilikuwa na mwandiko wa mama yake huyo, mke mkubwa. Lakini baba alikuwa na wake wawili, na mke mdogo, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, hakujua kuandika. Binti wa mke mdogo alidai siku zote kwamba mama yake ndiye aliyetunga, mke mwenzake akaandika tu. Ukoo ulimcheka. Kiswahili chenyewe mama yule alikuwa anakibabaisha, utenzi angeutoa wapi?

Baba aliwahi kuwarekodi wake zake wakisimulia hadithi, kila mmoja kaseti yake. Jirani yangu alizichapa zote, neno kwa neno, kisha akaiagiza kompyuta ihesabu yale maneno madogo ambayo mtu huyatumia bila kufikiri: basi, tena, ila, kisha; kwenye kaseti zote mbili na kwenye utenzi, alinganishe. Mimi nilirudia hesabu kwa kalamu, siku mbili. Utenzi ulifanana na kaseti ya mke mdogo. Jirani alihesabu upya mara tatu, jibu likabaki lile lile. Akazima kompyuta, akasema, "Twende Mpapura."

Dada yake, yule binti wa mke mdogo, tulimkuta anabangua korosho. Alisikiliza maelezo yote bila kusimamisha mikono.

"Kwa hiyo mashine imesema?"

"Imesema, dada."

"Mie nimesema miaka thelathini, kaka. Au kwa vile mie situmii umeme?"

Kaka mtu aliomba radhi. Akasogezewa kigoda na korosho, abangue.

Nasikia watu wakibishana kama kompyuta inaweza kusoma fasihi. Sijui. Hesabu zile si hati ya mahakama. Ila kompyuta ilihesabu bila kujali nani ni mama wa nani, jambo lililotushinda sisi, na haikutuambia lolote ambalo mwanamke mmoja hakuwa ameshatuambia. Nimejifunza kuanza kwa kumuuliza mtu, na jibu likija, kulikubali hata likinigharimu. Jirani yangu lilimgharimu. Majalada ya kitabu cha utenzi alichokuwa akikiandaa, yenye jina la mama yake, yalikuwa yameshachapwa; aliyachoma, akaagiza mengine. Hasara, kwa risiti alizonionyesha, ilikuwa shilingi laki mbili na elfu themanini.