Mgonjwa Wangu wa Kwanza wa Afyuni

Siku niliyokabidhiwa funguo za wodi ya wagonjwa wa akili, pale Tanga, niliona mji mzima ni wangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa dresa tu, mfunga vidonda, cheo kilichokuwa juu kidogo ya mshika ufagio. Ule utabibu wa akili niliokuja kuusomea baadaye sikujua hata kama upo. Lakini daktari mkuu alikuwa anakwenda Muheza kwa juma zima, na kabla ya kupanda gari aliniachia fundi cherehani mmoja wa Chumbageni. "Huyu anameza afyuni," alisema. "Asipewe hata chembe. Mlishe, msafishe, mvumilie."

Fundi alikuwa amekuja kwa miguu yake, Jumamosi ile asubuhi, kofia mkononi. Binti yake angeolewa Ijumaa, na shehe wa mtaa alikuwa ametamka wazi kwamba mtu wa afyuni hawezi kuwa walii wa kumwozesha. Mdogo wake fundi ndiye angemshika mkono bwana harusi.

"Nipo hai, mwanangu," aliniambia, "halafu binti yangu aozwe kama yatima?"

Moyo ulinidunda kwa furaha. Najua si adabu kufurahia shida ya mtu, lakini nilikuwa kijana, na hakuna aliyewahi kunikabidhi mtu mzima nimponye.

Jumapili ilianza miayo, kisha kamasi na machozi, na vipele vya baridi katika joto lile la Tanga. Jumatatu tumbo likaachia. Alihara mpaka macho yakaingia ndani, nikaogopa atanifia. Sasa, sisi madresa tulijifunza dawa kwa rangi: nyekundu ya kikohozi, ya njano ya vidonda, nyeupe ya kuhara. Nikatikisa chupa ya nyeupe, nikammiminia kikombeni, mara tatu kwa siku kama ilivyo desturi.

Ikawa muujiza. Jioni alikula wali. Jumanne alinitania kwamba suruali yangu imeshonwa na adui, akaomba sindano airekebishe. Nilipita wodi nzima nikipiga miluzi. Nilipofika nyumbani Makorora nilimwambia mama kwamba nimegundua tiba ya afyuni, naye akauliza kama nimeshakula.

Jumatano asubuhi nilipompa kikombe alikishika kwa mikono miwili, akakitazama sana, kisha akanirudishia.

"Mwanangu, hii ndiyo ile ile."

"Ipi?"

"Ile ninayoikimbia. Niliijua tangu kikombe cha kwanza. Nikanyamaza, nikanywa, nikasema mradi nimepewa na tabibu. Leo nimeshindwa. Keshokutwa nitakaa mbele ya watu, wao hawatajua, lakini mimi nitajua. Ichukue kabla sijabadili nia."

Nilikimbia kwa mchanganya dawa, mzee wa Kibondei asiyekuwa na haraka na mtu. Nikamuuliza nyeupe ya kuhara ina nini ndani. Hakuinua hata macho.

"Chaki na afyuni. Wewe ulidhani maziwa?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Zilikuwa zimebaki siku mbili, na mateso yote yalikuwa yaanze upya. Yalianza mchana ule ule. Nilikaa naye nikimnywesha uji wa chumvi kijiko kwa kijiko. Alinitukana, akaniomba radhi, akaiomba ile chupa, akaniomba radhi tena. Chupa nilimrudishia mchanganya dawa aifungie kwake, kwa sababu sikuamini kama ningeweza kuendelea kumkatalia.

Ijumaa baada ya swala nilimshika mkono, tukaingia msikitini pamoja. Alivaa kanzu aliyoishona mwenyewe, imelowa jasho mgongoni, na vidole vinamtetemeka. Mdogo wake alikuwa ameshakaa mahali pa walii. Shehe alimtazama fundi, kisha akanigeukia.

"Wewe wa hospitali. Ameonja kitu juma hili?"

Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa radhi kufukuzwa pale kuliko kunitaja.

"Ameonja, shehe," nikasema. "Siku mbili. Niliyempa ni mimi, kwa ujinga wangu, nikidhani ni dawa ya tumbo. Jumatano kikombe alikirudisha mwenyewe, wakati mimi nilikuwa bado sijui kilichomo."

Watu waliguna. Mtu mmoja nyuma yangu alisema hospitali siku hizi ni balaa. Shehe aliviangalia vile vidole, kisha akamgeukia yule mdogo mtu.

"Mpishe kaka yako."

Fundi alikaa, akaushika mkono wa bwana harusi, na mtetemeko wake ukamwingia yule kijana, mikono yote miwili ikawa inacheza mbele ya macho yetu. Alitamka maneno ya kuozesha mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti kavu, bila kurudia hata neno. Nililia waziwazi, wala sikuona haya. Bwana harusi alipomaliza kujibu kwamba amekubali, baba mkwe wake aliinuka akakimbilia chooni, na hakuna aliyecheka.