Mayai ya Mama Zuhura yalivyonichagulia njia ya kutuma litungu Canada

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi, jirani yangu yuko humu na atanianika mbele yenu.

Nauza vyombo vya muziki vya kienyeji online. Naishi Tuwan, Kitale, lakini mzigo natoa Bungoma.

Majuzi nikapata order yangu ya kwanza ya nje. Mtu anataka litungu, kile chombo cha nyuzi cha Wabukusu chenye ngozi kama ya ngoma.

Mnunuzi anaitwa Nekesa, dada wa Kabuchai anayeishi Canada. Baba yake alihamia kwake, na tangu afike amekuwa mkimya tu. Nyumbani alikuwa mpigaji.

Mzee anataka la fundi yuleyule wa zamani, na fundi huyo ameacha kazi kwa sababu ya macho. Hili nililopata ndilo lilikuwa lake la mwisho. Likivunjika njiani, basi.

Niliogopa, sitaficha.

Nikaanza kupima njia. Meli ni rahisi, lakini inachukua miezi, na ngozi ikipata unyevu inaoza. Kifurushi cha kawaida cha posta ni nafuu, ila tracking ni ya kubahatisha. Courier wa ndege anafika haraka hadi mlangoni, lakini bei yake inakaribia bei ya litungu lenyewe.

Nikaenda kwa Mama Zuhura, jirani yangu karibu na msikiti. Huyu huuzia watu wa ng'ambo madera, na sijawahi kusikia mteja wake akilia.

"Kwanza nionyeshe vile umefunga," akasema.

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimejaza maganda makavu ya mahindi. Si tuko Kitale jamani?

"Ati majani? Wakaguzi wa huko wakiona hiyo kitu, mzigo yote inazuiwa. Toa bana!"

Akatoa litungu, akaweka mayai kwa boksi langu, akalituma kwa dada yake Bungoma. Dada aliambiwa asifungue, arudishe tu.

"Kama hii boksi haiwezi fika Bungoma, Canada itafika aje?"

Lilirudi likivuja mayai. Nilitamani kujificha.

Akafunga upya: boksi ndani ya boksi, katikati povu la godoro kuukuu. Mayai yakaenda tena Bungoma, yakarudi mazima. Tukayakaanga tukala na chapati.

Boksi sasa lilivumilia kurushwa, lakini ngozi haiwezi kuvumilia miezi ya unyevu melini; hapo ndipo tukachagua ndege. Tukalegeza nyuzi, nikatafuta cheti cha daktari wa mifugo kwa sababu ya ngozi, na nikamwambia Nekesa mapema kwamba ushuru wa huko utakuwa juu yake. Akakubali bila maneno.

Baadaye ikaingia voice note ya Nekesa. Nyuzi zinakazwa polepole. Kisha mzee anapiga, na anaimba!

Mwishoni akasema, "Mwambieni huyo mtu, hii kitu imesafiri poa kuliko mimi."

Mama Zuhura aliirudia akijipangusa macho na mtandio. Wakuu, huyo mama namvulia kofia.

Nilichojifunza: kabla ya kuuliza bei ya kutuma, jiulize mzigo wako unaweza kuvumilia nini, na mnunuzi ajue gharama zote mapema.

Nyie mnaotuma nje mnapitia wapi? Semeni, nasoma zote.

Nikichelewa kujibu, nimeenda kununua mayai. Kuna order ya Ujerumani.